Gharibu ni Nani? Nasaba za Ng'ambo katika Maandishi ya Pate

Utangulizi

Pate ya leo ni kijiji. Anayekwenda huko kutoka Lamu hushuka Mtangawanda, kisha huingia ndani ya kisiwa hadi kwenye nyumba zilizobanana na vichochoro vyembamba. Nje ya nyumba hizo yamesimama magofu ya mawe ya matumbawe katikati ya vikonde vya tumbaku. Hakuna bango la kumwambia mgeni kwamba hapa palikuwa na dola iliyoshindana na Lamu na Wareno kwa ajili ya upwa wa kaskazini. Hata hivyo, ni vigumu kuandika sura ya kwanza ya historia ya ushairi wa Kiswahili bila kukitaja kijiji hiki. Hamziya ya Sayyid Aidarusi bin Athumani, Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo bin Athumani wa mwaka 1728, Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa mwaka 1858 zote zina mzizi Pate: ama zilitungwa pale, ama mtunzi alizaliwa pale, ama pale ndipo panapoombolezwa.

Kijiji hichohicho kina sifa ya pili ambayo wahakiki wameizungumzia kwa bidii kuliko ya kwanza, nayo ni uhusiano wake na watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Wafalme wake, Wanabahani, walijinasibu na Oman. Masharifu wake walitoka Hadhramaut. Jirani zao wa Siyu na Shanga husimulia hata damu ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo. Kiswahili kina neno zuri kwa watu wa namna hii: walowezi. Kulowea si kuhamia tu. Ni kufika mahali kwa nia ya kupita, kisha kukaa moja kwa moja. Mlowezi, kwa hiyo, ni mgeni aliyesahau kuondoka, na swali la lini ugeni wake ulikoma haliulizwi mpaka pawepo sababu ya kuliuliza.

Sababu hiyo ilipatikana katika karne ya 20. Wahariri wa enzi ya ukoloni, waliozichapa tungo za Pate kwa mara ya kwanza katika herufi za Kirumi, walielekea kuzisoma kama fasihi ya Kiarabu iliyovaa nguo za Kiswahili: nasaba ya mtunzi ilitosha kuwa maelezo ya utungo. Kambi ya pili iliwajibu. Nurse na Spear (1985) walionyesha kwa ushahidi wa isimu kwamba lugha na jamii ya Waswahili ni za Kiafrika katika shina lake. Shariff katika *Tungo Zetu* (1988), na baadaye pamoja na Alamin Mazrui (1994), alitetea ushairi huu kuwa mali ya wenyewe. Katika mjadala wa asili ya lugha, kambi ya pili ilishinda, na ilistahili kushinda. Lakini ushindi huo umeacha pengo katika uhakiki. Kambi zote mbili ziliuliza swali moja, yaani watunzi hawa walitoka wapi, na zikatofautiana katika jibu tu. Makala haya yanapendekeza swali jingine, linaloweza kujibiwa kwa kuyasoma maandishi yenyewe: katika tungo na habari za Pate, ni nani anayeitwa mgeni, na nani anayehesabiwa kuwa mwenyeji? Jibu linabadilika kutoka utanzu hadi utanzu, na halifuati nasaba kama ambavyo ingetarajiwa.

Mgeni aliyepewa dola

Habari za Pate zimetufikia katika nakala kadhaa zinazotofautiana, ambazo Tolmacheva alizikusanya pamoja mwaka 1993. Nyingi kati ya hizo hurejea kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Omar Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Inasimuliwa kwamba maandishi ya awali yalipotea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji huo ambao Wanabahani waliufanya kimbilio lao. Kwa maneno mengine, kinachosomwa leo kama tarehe ya wafalme ni kumbukumbu ya mzawa wa ukoo uliokwisha kunyang'anywa ufalme. Jambo hili hutajwa katika dibaji za wahariri kisha husahauliwa katika uchambuzi, ilhali ndilo linaloeleza sauti ya matini.

Kisa cha mwanzo kinafahamika. Mwaka 600 wa Hijra, sawa na 1203 au 1204, Suleiman bin Suleiman wa ukoo wa Nabahani anafika Pate na jamaa zake baada ya kupoteza utawala Uarabuni. Anamtumia mfalme wa Wabatawi wa Pate zawadi, anamposa binti yake, anamwoa. Fungate inapokwisha anakwenda kumwamkia mkwewe, na mkwe anamkabidhi ufalme. Methali inataka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Mgeni wa Pate alipewa dola siku ya saba. Hakuna vita wala ujanja, na hakuna mzee wa mji anayeinuka kupinga. Binti mwenyewe hasemi neno, wala hana kazi katika hadithi ila kuozwa.

Wanahistoria wamekitikisa kisa hiki mara nyingi. Chittick (1969) alishikilia kwamba Pate haikuwa na uzito wowote kabla ya karne ya 16, na kwamba miaka ya mwanzo katika orodha ya wafalme haiaminiki. Uchimbuaji uliofanywa baadaye na Wilson na Omar ulionyesha kwamba watu waliishi hapo karne nyingi kabla ya mwaka huo wa 600. Hivyo mji ni wa kale kuliko alivyodhani Chittick, lakini ukale huo hauwapi Wanabahani chochote, kwa kuwa mabaki ya udongo hayataji jina la ukoo. Linalovutia zaidi kwa mhakiki wa fasihi ni jina la mwanzilishi. Oman ya karne ya 15 ilikuwa na mfalme wa ukoo wa Nabhani aliyeitwa Sulayman bin Sulayman, na mfalme huyo alikuwa mshairi mwenye diwani. Majina yanayojirudia ni jambo la kawaida katika koo za kifalme, na haifai kujenga ghorofa juu ya msingi huo. Lakini kama jina la mfalme mshairi ndilo lililovuka bahari na kurudishwa nyuma karne mbili na nusu ili kuanzisha dola, basi Pate ilijichagulia babu kama vile mtunzi anavyochagua kina.

Kisa cha harusi, kwa upande wake, hakiwezi kutupwa kuwa hadithi tupu. Utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mabaki ya watu 80 wa miji ya pwani pamoja na mji mmoja wa bara, ukiwamo mji wa Faza katika kisiwa hichohicho cha Pate, ulionyesha mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000: kwa watu wengi waliochunguzwa, zaidi ya nusu ya asili yao ilitokana na Waafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitokana na wanaume kutoka Uajemi. Nasaba ya Uarabuni huongezeka baadaye, tangu kiasi cha mwaka 1500. Bwana Kitini, basi, alikosea karne, na huenda alikosea nchi, lakini hakukosea umbo la jambo: mume wa kuja, mke wa papo.

Na umbo hilo ndilo linaloficha. Nasaba ya Habari za Pate huhesabiwa kwa baba, kwa hiyo kila kizazi huongeza mwanamume mmoja katika mnyororo unaorudi Oman, na kila kizazi mama mmoja huachwa nje. Ikiwa uenyeji wa Wanabahani ulipatikana kwa mwanamke wa Kibatawi, basi matini inayouhifadhi ugeni wao kwa fahari inaufuta uenyeji wao kwa njia hiyohiyo. Wakati Bwana Kitini aliposimulia, ufutaji huo ulikuwa na bei sokoni. Serikali ya kikoloni iliwatenganisha "Waarabu" na "wenyeji" katika kodi, mahakama na mabaraza, na kuwa mgeni wa zamani kulikuwa na faida kuliko kuwa mwenyeji. Kuisoma habari hii kama ushahidi wa karne ya 13 bila kukumbuka faida hiyo ni kumwonea msimulizi na msomaji pia.

Lugha mbili katika ukurasa mmoja

Masharifu ni suala tofauti, kwa sababu nasaba yao haikuhitaji kutungwa. Kizazi cha Sheikh Abubakar bin Salim wa Inat, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1584, kinafahamika vizuri, na masimulizi ya Pate yanaeleza kwamba wanawe walikuja kisiwani wakati mji ulipotaka msaada na dua dhidi ya Wareno. Ukoo wa Jamali Leli nao ulitia nanga Pate kabla ya matawi yake kwenda Ngazija, na kutoka huko, katika karne ya 19, Habib Saleh akaja Lamu na kuanzisha msikiti wa Riyadha. Watu hawa walikuwa na kila sababu ya kuandika kwa Kiarabu, na wengi waliandika. Kinachohitaji maelezo ni kwamba baadhi yao waliandika kwa lahaja ya kisiwa.

Hamziya ni mfano wa mapema. Mara nyingi huwekewa mwaka 1652, ingawa wapo wanaousogeza karibu karne nzima mbele. Ni tafsiri ya kasida ya al-Busiri wa Misri, yenye beti zaidi ya 450, na katika hati za kale mstari wa Kiarabu hufuatwa na mstari wa Kiswahili chini yake. Mpangilio huo kwa kawaida husomwa kama unyenyekevu: asili juu, tafsiri chini. Lakini macho ya msomaji wa Pate yalisafiri kinyume. Aliyekijua Kiarabu vizuri hakuhitaji mstari wa chini; asiyekijua alisimama kwenye mstari wa chini na kuutazama wa juu kama mtu anayetazama chombo kilichotia nanga nje ya bandari. Aidarusi, mjukuu wa Inat, amejiweka upande wa nchi kavu. Tena lugha yake si Kiswahili chepesi cha kuwasaidia wasiosoma. Ni lahaja nzito, yenye maneno ambayo hata wajuzi wa Lamu wa karne ya 20 walilazimika kuyafafanua. Mtu hajifunzi maneno ya namna hiyo kwa walimu wa Kiarabu; hujifunza kwa waliomlea.

Utendi wa Tambuka, uliotungwa Yunga, makao ya wafalme wa Pate, haudai muda mrefu hapa. Unasimulia vita vya Waislamu na mfalme Herekali wa Roma, na ulitungwa chini ya ufadhili wa Mnabahani. Inatosha kusema kwamba mfadhili mwenye nasaba ya Oman alipotaka utukufu wa Uarabuni uimbwe katika ukumbi wake, aliutaka kwa mizani nane na kwa lugha ya watu wa Pate. Hilo ni jambo kubwa katika historia ya lugha, lakini kuhusu swali la mgeni na mwenyeji utendi huo hausemi mengi.

Orodha ya majina

Al-Inkishafi husema mengi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, wa kizazi kilekile cha Sheikh Abubakar bin Salim, aliitunga kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, Pate ilipokuwa ikianguka. Kushindwa kwake na washirika wake wa Mombasa katika vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812, kulikuja kutia muhuri anguko hilo. Tangu toleo la Hichens (1939) hadi lile la Mulokozi katika *Tenzi Tatu za Kale* (1999), utungo huu umesifiwa kwa mafunzo yake juu ya upitaji wa dunia, na sifa hiyo ni haki yake. Lakini mafunzo hayo yanapatikana katika vitabu vingi vya mawaidha. Kilichoufanya utungo huu usisahaulike ni nyumba.

Mtunzi anatuingiza katika majumba ya matajiri wa Pate chumba kwa chumba. Taa za shaba zinawaka. Vyombo vya sini, vikombe vyenye nakshi, vimepangwa. Neno lenyewe, *sini*, ni jina la nchi lililogeuka jina la sahani, na ndani ya utungo huu ng'ambo huingia kwa njia hiyo kwanza: si kama babu, bali kama kikombe. Kisha anatuingiza tena, baada ya msiba. Zidaka zilizokuwa zikishikilia sini zimekuwa viota vya makinda ya ndege. Bundi anakoroma ndani. Popo wamening'inia juu, na wadudu wanavuma mahali palipokuwa na mazungumzo. Wahakiki wamezoea kuiita picha hii ukiwa, lakini mahali penye makinda si ukiwa. Nyumba zimepata wenyeji wapya, waliokuja bila nasaba, wanaozaliana na kulea wana wao mumo humo. Walioondoka ndio wageni. Mtunzi amegeuza kisa cha mwanzilishi wa dola juu chini: pale mgeni alikuja akawa mwenyeji kwa kuoa ndani ya nyumba, hapa mwenyeji ametolewa katika nyumba yake, na mlangoni hakuna wa kumkaribisha.

Ndipo inapokuja orodha ya majina, sehemu ambayo imechambuliwa kidogo kuliko inavyostahili. Sayyid Abdalla anauliza wako wapi Ali bin Nasir, na shemeji yake Abubakari, na Idarusi, na Muhudhari. Kisha anauliza juu ya wakuu wa Yunga na watu wa Kiungu. Jina la kwanza katika orodha ni jina la baba wa mtunzi. Iwe ni yeye hasa anayekusudiwa au jamaa mwingine wa jina hilo, sikio la msomaji wa Pate haliwezi kulikwepa. Hii ni nasaba. Imeandikwa na sharifu, kuhusu masharifu, na mtu anayejua kanuni za nasaba anajua inavyopaswa kwenda: kutoka kwa mwana hadi kwa baba, kutoka kwa baba hadi kwa babu, kuvuka bahari mpaka Inat, na kutoka Inat kupanda mpaka kwa Mtume. Orodha ya Al-Inkishafi haipandi. Kiungo chake cha kwanza si ubaba. Ni *muwamu*, yaani ushemeji. Ni udugu wa ndoa, udugu wa mtaa, ambao vitabu vya nasaba havina haja nao. Kutoka kwa jamaa wa damu orodha inapanuka kwenda kwa mitaa ya mji, na mwisho wake ni kaburi, si Hadhramaut.

Inawezekana kupinga kwamba kuuliza "wako wapi" ni mtindo wa kale katika ushairi wa Kiarabu na mawaidha ya Kiislamu, na kwamba Sayyid Abdalla alifuata desturi tu. Ni kweli aliifuata. Anamtaja Nabii Suleimani, mmiliki wa watu na majini, kama desturi inavyotaka. Lakini desturi ingemruhusu kubaki na wafalme wa mbali, na waombolezaji wengi wamebaki nao, kwa kuwa ni salama zaidi kumlilia Suleimani kuliko kumlilia shemeji wa mtu anayejulikana mtaani. Aliposhuka kutoka kwa wafalme wa vitabu hadi kwa watu wa Kiungu, aliiacha desturi mlangoni. Umbo la ubeti linamsaidia: mistari mitatu yenye kina kimoja, na wa nne unaorejea kwenye kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo. Kila jina, liwe la nabii au la jirani, linatua palepale.

Kama nasaba ya ng'ambo ingekuwa chemchemi ya ushairi huu, kama walivyodhani wahariri wa kwanza, hapa ndipo ingetarajiwa kububujika: sharifu anauona mji wa wazee wake ukifa. Hakukimbilia Inat kutafuta faraja. Wala hakuukana ukoo wake ili awe "Mwafrika halisi", jambo ambalo baadhi ya wasomaji wa kambi ya pili wangependa kulipata. Aliutaja ukoo kwa majina, akauzika Pate.

Gharibu wa Siyu

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa Siyu na Bwana Mataka, mtawala aliyejulikana kwa kupambana na majeshi ya Sayyid Said wa Unguja. Mume alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Kwa muda mrefu utendi huo umesomwa kama mwongozo wa utii wa mke, na tangu miaka ya 1980 umesomwa tena na wahakiki wa mrengo wa kijinsia wanaotafuta chini ya utii huo sauti ya kejeli au ya ujanja. Mjadala huo una mengi ya kufaa, lakini umeelekeza macho yote kwenye uhusiano wa mke na mume, na umelipita neno moja lililo karibu na mwisho wa utendi.

Anapofikia kujitambulisha kama mtunzi, Mwana Kupona anajiita *gharibu*, mwenye huzuni. Neno hilo hufasiriwa kwa kawaida kuwa mpweke au mnyonge, na fasiri hiyo si mbaya. Lakini maana yake ya kwanza, katika Kiarabu na katika Kiswahili cha tungo, ni mgeni: mtu aliye mbali na kwao. Mtu aliyezaliwa Pate na kuolewa Siyu, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu katika kisiwa kilekile, anajiita mgeni.

Wapo watakaosema kwamba hii nayo ni kanuni ya unyenyekevu, kama vile watunzi wengi wanavyojiita mja dhaifu au mwenye dhambi wanapoomba dua ya msomaji. Tena mafunzo ya dini yanamtaka kila muumini aishi duniani kama mgeni au mpita njia. Hoja hiyo ina nguvu, na ubeti wenyewe unaendelea kuomba maghufira. Lakini kanuni zilikuwa nyingi, na mtunzi alichagua. Mja na mwenye dhambi ni majina yanayomhusisha mtu na Mungu wake peke yake. Gharibu ni jina linalomhusisha pia na mahali. Na mahali alipokuwa Mwana Kupona mwaka 1858 hapakuwa pake kwa namna yoyote ambayo Habari za Pate zingeitambua. Alikuwa binti wa mji mmoja katika nyumba ya mji mwingine. Mume aliyempa nafasi katika nyumba hiyo amekufa. Wanawe ni wa ukoo wa baba yao.

Hapa matini mbili za kisiwa kimoja zinakutana uso kwa uso. Katika Habari za Pate, mwanamume anavuka bahari nzima, na baada ya fungate si mgeni tena. Katika utendi wa Mwana Kupona, mwanamke anavuka vikonde na mikoko, na miaka mingi baada ya fungate yake bado ni gharibu. Ndoa ileile inayomfanya mume mwenyeji inamfanya mke mgeni. Binti wa Wabatawi asiyesema neno katika kisa cha mwanzo angeweza, kama angepewa ubeti mmoja, kusema hili hasa. Si lazima kudai kwamba Mwana Kupona alikikusudia kisa hicho, ingawa mzaliwa wa Pate asingekosa kukisikia. Yatosha kwamba utendi wake unajibu swali ambalo nasaba haikuliuliza.

Jibu hilo linaathiri pia namna ya kuusoma wasia. Mashauri juu ya kumtunza mume, kupamba chumba, kufukiza udi na kuchunga ulimi yamehesabiwa kuwa ni kanuni za utumishi. Yakisomwa kutoka kwa gharibu kwenda kwa binti atakayekuwa gharibu, yanakuwa pia maarifa ya kulowea: jinsi mtu anavyofanya makazi katika nyumba ambayo haitamhesabu. Mwana Hashima aliishi mpaka mwaka 1933, na wanawake wa Lamu waliuhifadhi utendi huu kwa vinywa na kwa nakala wakati Habari za Pate zikinakiliwa kwa maofisa. Jina la mama, ambalo mnyororo wa nasaba ungeliacha nje, limebaki kwa sababu aliliandika mwenyewe ndani ya utungo.

Lakini usomaji huu hauwezi kukomea kwenye sifa. Walikuwako Pate, Siyu na Lamu watu waliovuka nchi na maji bila hiari, walioletwa kutoka bara na kutoka kusini kulima mashamba na kubeba maji katika majumba yaleyale ya zidaka na sini. Kama ugeni hupimwa kwa umbali na kwa kutengwa, hao ndio wageni wa kweli wa kisiwa. Habari za Pate haziwapi nasaba, kwa kuwa wao ni hesabu tu katika mali ya wafalme. Al-Inkishafi, inayotaja majina ya waliolala chini ya taa za shaba, haiulizi wako wapi waliokuwa wakiziwasha. Na Mwana Kupona, katika beti za mwanzo za wasia wake, anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Beti hizo zimewatia haya wahariri wa vitabu vya shule, na zimeachwa au zimefunikwa kwa maelezo ya haraka kuhusu desturi za zama. Msomaji anayefika kwenye neno gharibu mwishoni mwa utendi, kisha akazirudia beti hizo za mwanzo, anamkuta mwanamke aliyejua vizuri mgeni ni nani, akiwa mlangoni mwa nyumba isiyo yake, akimfundisha bintiye nani asimkaribishe.